Ofa, Pointi na Robo ya Sukari kwa Ami

Chini kabisa ya risiti, pale karatasi inapokatwa, supamaketi ninayokwenda huandika kiasi ulichookoa. Jumamosi moja yangu ilisema nimeokoa shilingi 312. Niliisoma mara mbili ndani ya tuktuk, mifuko ikiwa mapajani, nikizitafuta hizo 312. Mkobani hazimo. Nilikuwa nimetoka nyumbani na shilingi 4,000 na orodha ya vitu sita. Sasa narudi na vitu kumi na vinne na nauli tu.

Nikaamua kujihesabu. Mwezi mzima niliweka kila risiti, na yale manunuzi yasiyo na risiti, yaani ya duka la mtaani kwa Ami, niliyaandika kwenye daftari la mtoto lililobaki kurasa nyeupe. Bei nitakazotaja ni za Mombasa, upande wa Kisauni, za mwezi huo. Kwako huenda zimepanda au zimeshuka, lakini namna ya kuzipigia hesabu haibadiliki.

Biashara hii ya kumwambia mteja "umeokoa" ina asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1880, huko Atlanta nchini Marekani, Asa Candler aliyekuwa akiichukua Coca-Cola mikononi mwake alitumia tiketi za kunywea glasi moja bure. Mtu akionja bure leo, kesho atalipa. Tiketi zile zikazaa kuponi: vipande vya karatasi vinavyokatwa gazetini kwa mkasi, kila kimoja na senti zake za punguzo, na wanunuzi wa Kimarekani wakawa wanavipanga ndani ya bahasha kwa mafungu kama stempu. Mwishoni mwa 2010 chaneli ya TLC ilianza kuonyesha kipindi kizima cha mambo hayo, Extreme Couponing, cha watu wanaofika kwa keshia na matroli manne na bunda la kuponi, kisha wakalipa dola chache. Watu walikitazama kama wanavyotazama mazingaombwe. Ila ukiacha kutazama bei ukatazama troli, unaona soda, nafaka za asubuhi zilizotiwa sukari, na haradali ya kutosha kijiji. Nyanya humo hamna.

Na hilo la nyanya si la televisheni peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulihesabu kuponi 1,056 za mtandaoni za maduka makubwa ya vyakula. Robo yake zilikuwa za vitafunio, peremende na vitu vitamu. Mboga zilipata asilimia 3. Kuponi nyingi hulipiwa na kiwanda, na mchicha hauna kiwanda.

Wateja nao tuna maradhi yetu. Novemba 2011 maduka ya JCPenney ya huko huko Marekani, ambayo huuza nguo na vitu vya nyumbani, yalipata mkubwa mpya, Ron Johnson, aliyetoka Apple. Akaona upuuzi gani huu, kupandisha bei kisha kuikata kwa kuponi? Akaziondoa, akaweka bei ndogo ya kila siku, moja kwa moja. Mauzo ya mwaka 2012 yakaanguka kwa karibu robo nzima, na Aprili 2013 akaonyeshwa mlango. Bei ndogo peke yake haikuwaridhisha watu; walitaka kuiona na ile kubwa pembeni yake, imepigwa mstari.

Kwetu mkasi haukupata kazi. Tumerukia moja kwa moja kwenye kijitabu cha ofa kinachogawiwa mlangoni, ujumbe wa simu Ijumaa jioni, vibandiko vya njano kwenye rafu, "nunua mbili upate ya tatu", na kadi ya pointi. Jina ni jingine, lakini ndiyo kuponi ile ile, na swali ni lile lile: hela inabaki nyumbani au haibaki?

Nianze na pale ninapowapa haki yao. Sukari ya kilo mbili iliyokuwa 310 niliinunua 285. Hiyo ni shilingi 142.50 kwa kilo, na mtaani kwangu hakuna duka la rejareja litakalokuuzia hivyo. Ofa ya sukari mara nyingi ni ya kweli, na unga wa mahindi vilevile, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo kila mama anajua bei yake kwa moyo. Huwezi kumdanganya mtu kwenye bei ya unga. Kwa hiyo muuzaji anakubali kupata kidogo sana hapo, au kutopata kabisa, kwa kuwa sukari ni chambo. Ndiyo maana huikuti mlangoni. Unaifuata mpaka nyuma kabisa ya jengo, na njiani umepita biskuti, juisi, vyombo vya plastiki na taa za kuchaji, vitu ambavyo hakuna anayezijua bei zake kwa moyo. Mvuvi anajua chambo kinamgharimu kiasi gani na samaki atamletea kiasi gani. Samaki ndiye asiyejua.

Sasa njoo kwenye rafu ya mafuta, ambapo nilisimama dakika kumi na simu mkononi kama mtu anayemsubiri mwenziwe. Chupa ya lita mbili ilikuwa na kibandiko cha njano: ilikuwa 640, sasa 609. Pembeni yake, mafuta ya kampuni ile ile, dumu la lita tatu, halina kibandiko chochote, 869. Niliwaona watu wanne wakichukua lita mbili, na mimi nilishaitia kwenye troli kabla sijagawanya. Gawanya 609 kwa mbili, lita moja ni 304.50. Gawanya 869 kwa tatu, ni karibu 290. Dumu lisilo na ofa ndilo rahisi, kwa shilingi kumi na tano kila lita. Kibandiko hakikusema uongo hata neno moja. Chupa ile kweli ilikuwa 640 na sasa ni 609. Kilichotokea ni kwamba kilinifanya niilinganishe na yenyewe ya jana, badala ya jirani yake wa leo.

Unga ulinifundisha la pili. Paketi ya kilo mbili yenye jina kubwa ilishushwa kutoka 180 hadi 165. Chini kabisa ya rafu, mahali unapoinama kama unayetafuta pete, kulikuwa na unga wa kiwanda nisichokijua, 139. Nikaununua, nikausonga. Mume wangu alikula sima yake na samaki wa kupaka bila kuuliza kitu. Wanangu vilevile. Ofa ya 165 "ingeniokolea" shilingi 15 na kunitoza 26.

Halafu kuna ofa iliyokufa jana. Kwenye supamaketi moja, ambayo sitaitaja, nilichukua sabuni ya unga ya kilo moja iliyoandikwa 219. Kwenye mashine ikasoma 259.

"Dada, mbona kule imeandikwa 219?"

"Ofa iliisha jana, mama. Hawajatoa kibandiko tu."

"Basi itoe."

Akainua mkono kumwita msimamizi mwenye kadi ya kufutia. Msimamizi hakuonekana. Nyuma yangu walikuwa watu saba, na mmoja alikuwa na mtoto mchanga analia. Nikalipa 259. Nalisema hili kwa sababu najua si mimi peke yangu: tunatazama shilingi arubaini, tunatazama foleni, tunaona haya. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inamkataza mfanyabiashara kudai nafuu ya bei isiyokuwapo, lakini sheria haiwezi kusimama badala yako kwenye ile foleni. Siku hizi napiga picha kibandiko kabla ya kuondoka kwenye rafu. Nikifika kwa keshia naonyesha picha, na mara mbili nimeuziwa kwa bei ya kibandiko bila maneno.

Mwisho wa mwezi nikakaa na daftari. Nilikuwa nimekwenda supamaketi mara tano, nimetumia shilingi 14,260. Risiti zote tano, ukizijumlisha, zilidai nimeokoa 1,310. Nikazipitia kwa kalamu nyekundu, kitu kimoja kimoja, nikijiuliza: hiki kilikuwa kwenye orodha nilipotoka nyumbani? Ofa za vitu vya orodha zilikuwa 540. Zile 770 zilizobaki niliziokoa kwa kununua vitu ambavyo sikuvihitaji, vilivyonigharimu 2,180. Humo mna birika la plastiki la maji ya barafu ambalo mfuniko wake haufungi, na pakiti sita za tambi za dakika mbili.

Kisha nauli. Matatu kwenda ni hamsini. Kurudi na mizigo huwezi kugombania matatu, unachukua tuktuk, 150. Mara tano hiyo ni shilingi 1,000. Punguzo la kweli 540, nauli 1,000. Hapo sijagusa lile birika.

Najua utasema kadi ya pointi je. Yangu inanipa pointi moja kwa kila shilingi mia, na pointi moja ni shilingi moja. Mwezi ule zilikuwa 142, hazilipi hata tuktuk moja. Si kitu kibaya, ni sawa na nyongeza ya muuza ndimu, na mtu haikatai nyongeza. Ila asije mtu akaziita akiba. Nakumatt, supamaketi iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, ilikuwa na kadi yake ya Smart, na watu walikusanya pointi kama watu wanaojaza kibubu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Ukiwa na pointi unalidai duka, lakini huna stakabadhi, na kwenye foleni ya wadai huna mahali. Nao wenye pointi za Bonga wanakumbuka mwishoni mwa 2022, kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zitafutwa. Tangazo lilikuja kusimamishwa, lakini kwa muda kila mtu alikuwa mwepesi kweli kweli kuuliza pointi zake zinanunua nini. Kama unazo, zitumie.

Kwa haki niseme kwamba si kila bei ya kadi ni kiini macho. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilichunguza karibu bidhaa 50,000 za supamaketi za huko zenye bei maalumu ya wenye kadi, na Novemba 2024 ikasema kwamba asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka lile lile. Punguzo lenyewe lilikuwa la wastani wa asilimia 17 hadi 25. Lakini mamlaka hiyo hiyo iliwakumbusha wanunuzi kwamba bei ya kadi si lazima iwe ndiyo ndogo kuliko za maduka mengine. Ni yale yale ya chupa ya lita mbili: kweli imeshuka, na bado ni ghali kuliko jirani yake.

Tuvuke barabara sasa, twende kwa Ami.

Mtu akikwambia duka la mtaa ni ghali, muulize kwanza ameshika shilingi ngapi. Kwa Ami unaweza kuingia na mia moja ukatoka na chakula cha jioni: sukari robo, majani ya chai ya kumi, mafuta ya ishirini, chumvi anakutilia kidogo. Ami ana ile mashine ya mafuta. Anaandika 20, inatiririka kwenye chupa yako ya soda ya zamani, inajikata yenyewe. Nilipeleka chupa, nikarudi nyumbani nikapima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Mililita 52. Lita nzima kwa mwendo huo ni shilingi 385. Robo ya sukari ni 45, yaani 180 kwa kilo. Niliiweka kwenye mizani ya keki ikasoma gramu 247, kwa hiyo Ami si mwizi. Anauza muda wake, karatasi yake, na subira yake, kwa vipande vidogo.

Wazee wetu walituachia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwenye kupimiwa mambo yamegeuka: haba zinatoka kwangu, kibaba kinachojaa ni cha mwenye duka. Nyumba inayonunua mafuta ya ishirini kila siku inamaliza shilingi 600 kwa siku thelathini, na imepata kama lita moja na nusu. Kwa 600 hiyo hiyo ningepata zaidi ya lita mbili kutoka kwenye dumu. Lakini yule dada anayefua nguo za watu na kulipwa jioni hana 869 za dumu siku yoyote ile. Ofa kubwa zimewekwa mbali naye mara tatu: zinataka hela nyingi kwa mpigo, zinataka nauli, na zinataka nyumba yenye mahali pa kuweka unga usipatwe na panya. Punguzo linamfikia yule ambaye hata bila punguzo angelala ameshiba.

Na Ami ana kitu ambacho supamaketi haina: daftari. Tarehe 24 ya mwezi, mshahara haujaingia, mtoto anarudi shule ana njaa. "Ami, niandikie." Anaandika. Hatozi riba. Bila shaka imo ndani ya zile 45 za robo, mimi na yeye tunajua, lakini hakuna keshia aliyewahi kuniandikia.

Jambo jingine ambalo vijitabu vya ofa havikwambii ni kuhusu mkono wa mpishi. Lile dumu la lita tatu nililikadiria wiki tatu. Lilidumu siku kumi na sita. Mafuta yakiwa mengi jikoni mkono unakuwa mwepesi: viazi karai leo, kesho kaimati, keshokutwa mtu anakaanga mayai yanaogelea. Mafuta ya ishirini yanakufundisha adabu. Sisemi umaskini una faida, nasema tu kwamba nilipopiga hesabu ya shilingi kwa siku badala ya shilingi kwa lita, tofauti kati ya dumu na mashine ya Ami ilipungua sana, na aliyeipunguza ni mimi mwenyewe.

Msimu mmoja tu ndio ninaoziamini ofa bila kalamu nyekundu: wiki mbili kabla ya Ramadhani. Hapo orodha haitungwi na supamaketi. Inajulikana tangu enzi za bibi: unga wa ngano wa kaimati na sambusa, sukari, tambi, tende, maziwa ya unga. Vitu hivi nitavinunua hata bei ikipanda, na nitavimaliza. Safari moja, tuktuk moja, troli moja zito, na ofa ya kila paketi inaingia mfukoni kweli. Mwezi wa kawaida ukiuendesha hivyo, mara moja tu badala ya mara tano, zile nauli za 1,000 zinakuwa 200.

Nchi nzima iliwahi kupewa ofa moja kubwa. Tarehe 20 Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza kwamba paketi ya unga wa mahindi ya kilo mbili itauzwa 100 badala ya 205, kwa wiki nne. Ingekuwa akiba ya 105 kwa kila paketi. Lakini rafu zilikuwa tupu, foleni zilianza alfajiri, na kwingine mtu aliuziwa paketi moja au mbili tu. Bei ilikuwepo, unga haukuwepo. Aliyepoteza nusu siku ya kibarua kuutafuta alikuwa ameulipia bei nyingine.

Baada ya ofa, pointi na Ami, njia ya nne sikuipata kwenye kijitabu chochote, niliipata barazani. Jirani yangu na wenziwe saba wana chama, na badala ya kupeana pesa tu kwa zamu, wanapeana pia sukari. Kila mwanzo wa mwezi wawili kati yao wanakwenda Kongowea kwa muuzaji wa jumla. Mwezi niliowafuata walinunua gunia la sukari la kilo 50 kwa 6,800, madumu mawili ya mafuta ya lita 20 kwa 5,200 kila moja, na gunia la mchele wa kilo 50 kwa 7,500. Hamali na gari la mizigo, 500. Jumla 25,200, yaani kila mmoja 3,150. Kwa hiyo kila nyumba ilipata sukari kama kilo sita na robo, mafuta lita tano, mchele kilo sita na robo.

Nikavipigia vitu hivyo hivyo bei za daftari langu. Kwa Ami, kwa kupimiwa robo robo na mafuta ya ishirini ishirini, mchele ukiwa 200 kwa kilo, vingenifika 4,300. Supamaketi, kwa bei zote za ofa na lile dumu la lita tatu, mchele ukiwa 175, vingekuwa kama 3,430, weka na nauli 200 ukiwa umekwenda mara moja na hukushika birika, 3,630. Chamani 3,150. Kati ya chama na Ami kuna shilingi 1,150 kila mwezi, kwa vitu vitatu tu.

Haya si mapenzi tupu. Niliwaona wakigawa, kwenye mkeka, na mizani ya dijitali katikati kama kadhi. Sukari inamwagika. Mmoja alisema gunia halikutimia kilo 50, na kweli halikutimia, lilikosa gramu 600, wakagawana upungufu. Mwezi mwingine mmoja hakuleta hela yake kwa wakati na kila mtu akangoja siku nne. Mchele wa jumla huwezi kuuchagua kwa kunusa paketi; ukiangukia wenye mawe, mawe ni yenu wote. Na lazima uwe na 3,150 siku ile, jambo ambalo yule dada wa kufua bado halimudu. Lakini chama kilimfikiria: analeta 110 kila jioni kwa mweka hazina mpaka zitimie 3,150, na tarehe ya kwanza anabeba mzigo wake sawa na mwenye mshahara. Hiyo ndiyo kuponi pekee niliyoiona mwezi mzima inayomfikia asiye na kitu.

Kwa nyumba yangu nimeshakata shauri. Sukari, mafuta na mchele naingia chamani. Nimepewa nafasi ya tisa kuanzia mwezi ujao. Supamaketi nakwenda mara moja kwa mwezi, nimeshashiba, orodha mkononi; sabuni na unga wa chini ya rafu ndivyo ninavyofuata. Kadi ya pointi ninayo, naitumia pointi zikifika mia. Kwa Ami nitaendelea kununua mkate, maziwa, na chochote kile cha tarehe 24. Daftari lake bado lina shilingi 380 zangu, na nimemuahidi Ijumaa.